Mguu wa Papa au Masomo ya Ndugu Yangu?

Mama Mshauri, jambo.

Ninaandika kutoka Bukavu, komine ya Kadutu. Kazi yangu ni kushona nguo, na ndiyo inayolisha nyumba tangu papa, baba yangu, aache kazi. Papa alikuwa dereva wa malori, njia ya Uvira. Ana miaka 63. Amevuta sigara tangu ujana na mpaka leo hajaacha, anasema amepunguza. Ugonjwa wa sukari uligunduliwa miaka miwili iliyopita. Tansio, yaani presha ya damu, anayo toka zamani.

Shida ilianza polepole. Sisi tunakaa Cimpunda, na kama unaijua Kadutu unajua kwamba kutoka sokoni hadi kwetu ni kupanda tu. Mwaka jana papa alianza kusimama njiani. Anapanda kidogo, anashika shavu la mguu wa kuume, anasimama kana kwamba anamngoja mtu, kisha anaendelea. Tulifikiri ni uzee. Miezi hii maumivu yamehamia usiku. Halali kitandani tena. Analala kwenye kiti, mguu umening'inia, anasema ukiwa chini unamtuliza. Sasa mguu umevimba, na kidole cha mwisho pamoja na kile kinachokifuata vimekuwa vyeusi na vikavu. Kidonda kilianzia pale kiatu kilipombana.

Baba mkubwa alikuja kutoka Kabare, akaangalia, akasema hii ni karuho. Anasema mguu unaovimba na kuwa mweusi bila kugongwa na kitu ni sumu ya mtu, na anamjua mganga wa kuitoa. Mganga huyo ameshamchanja papa chale ndogondogo kwenye muundi na kusugua unga mweusi. Chale mbili hazijapona. Shangazi naye alichukua bandeji ya kuvutika ambayo mama alipewa kwa ajili ya mishipa yake iliyotokeza miguuni (mama anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anasimama tangu asubuhi), akamfunga papa ili uvimbe ushuke. Papa alilia usiku ule mpaka tukaifungua. Na kwa kuwa mguu ni baridi, tunamwekea jiko la makaa karibu.

Hospitali tulienda. Daktari kijana akasema ni kidonda cha sukari, akaandika antibiotiki, akasema kisipopona watakata chini ya goti. Waliusafisha mguu, hawakupima kingine.

Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa mwisho wa udaktari. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba kuna madaktari wanaopasua mishipa ya damu, kwamba wanaweza kuirudisha damu mguuni, na kwamba anataka kuwa mmoja wao. Lakini masomo hayo ni marefu, na sehemu yake lazima aende nchi nyingine. Tuna shamba moja huko Walungu, la babu. Mama anasema tuliuze tumpeleke papa Kigali au Nairobi. Papa anasema lisiuzwe kwa mguu wa mzee, liuzwe kwa masomo ya kijana. Baba mkubwa anasema shamba ni la ukoo, halitaguswa kabla papa hajatolewa sumu. Na wote wananitazama mimi kwa kuwa ndimi ninayeleta pesa.

Huyo daktari wa mishipa ni nani hasa, na anaweza kweli? Tukubali mguu ukatwe? Na shamba liende wapi?

Fundi wa Cimpunda

*

Mwanangu Fundi,

Umeeleza ugonjwa wa papa vizuri kuliko karatasi nyingi za rufaa nilizopokea wodini, na nimekuwa muuguzi wa upasuaji karibu maisha yangu yote ya kazi. Sijamgusa mgonjwa, na mwenye kuamua ni daktari atakayeushika mguu huo. Lakini kuna mambo hayawezi kungoja daktari wala mkutano wa ukoo.

Leo hii, kabla ya usiku, ondoeni makaa karibu na papa. Mguu usiopata damu ya kutosha hauhisi joto sawasawa, tena mwenye sukari mara nyingi nyayo zake zimeshaingiwa na ganzi. Ataungua bila kujua, na pale palipoungua hapatakuwa na damu ya kupaponya. Mvalisheni soksi ya pamba iliyolegea, mfunikeni blanketi, basi. Bandeji ya mama isimguse tena. Bandeji ile imetengenezwa kwa mtu ambaye damu yake inafika chini vizuri lakini inashindwa kurudi juu; huyo ni mama. Kwa papa damu haifiki, na bandeji inaziba hata kile kidogo kinachoshuka. Alilia kwa sababu nyama ya mguu ilikuwa inakosa hewa, na mlifanya vema kuifungua. Wembe nao usirudi kwenye muundi wake. Chale mbili zisizopona zinasema jambo lile lile linalosemwa na vidole: ngozi ya hapo haina damu ya kufunga hata mkwaruzo. Kidonda kifunikeni kwa shashi safi na kavu. Vidole vyeusi msivikate wala kuvilowesha kwenye maji ya moto.

Na sigara. Hapo sina lugha laini. Kupunguza hakutoshi, lazima aache yote, leo. Kati ya mambo yote yanayoziba ateri za miguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, sigara na sukari ndizo zinazotangulia. Tansio na mafuta ya damu hufuata. Hata akipasuliwa na fundi bora wa dunia, akiendelea kuvuta, mshipa uliofunguliwa utaziba tena.

Sasa nikueleze kwa nini barua yako imenishtua. Msuli wa mtu anayepanda mlima unahitaji damu mara nyingi zaidi kuliko wa mtu aliyeketi. Ateri iliyosinyaa, yenye mafuta na chokaa kwenye kuta zake, inatosheleza mguu uliotulia. Ukianza kupanda, inashindwa, na shavu la mguu linauma. Ukisimama dakika chache, deni linalipwa, maumivu yanakwisha, unaendelea, na mbele kidogo unasimama tena. Alichokuwa anakifanya papa kwenye mpando wa Cimpunda ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa ateri za miguu, na katika mji wa tambarare angeweza kukaa muda mrefu zaidi bila kuigundua. Ninyi wa Bukavu mnaishi juu ya kipimo hicho kila siku. Mtu wenu akianza kusimama mahali ambapo zamani alipita bila kuhema, msiseme uzee.

Maumivu ya usiku ni hatua ya mbele zaidi. Mtu akilala, mguu unakosa msaada wa kuteremkia damu, na mshipa ulioziba hauwezi kuisukuma peke yake. Akiuning'iniza, uzito wa damu wenyewe unasaidia kidogo, ndiyo maana kiti kinamtuliza. Lakini mguu unaoning'inia usiku kucha hukusanya maji na kuvimba. Uvimbe ambao baba mkubwa anauita karuho umeletwa na kiti. Kisha kiatu kikabana, kidonda kikaja, vidole vikafa. Mguu uliofika hapo uko hatarini kupotea, na unataka kuonwa ndani ya siku chache.

Baba mkubwa msimdharau. Amekuja kutoka Kabare kwa sababu anampenda mdogo wake, na mtu wa hivyo ukimfukuza unapoteza mkono wa kumbeba mgonjwa. Mketisheni mbele ya papa, mwambieni aguse miguu yote miwili, ule wa kuume na ule wa kushoto, asikie tofauti ya joto kwa mkono wake. Kisha muulizeni kwa adabu: sumu gani hii iliyomshika shavu la mguu mmoja kila akipanda, ikamwachia kila akisimama, mwaka mzima? Mpelekeni naye hospitali siku ya vipimo. Mzee akisikia kwa masikio yake mwenyewe, hatasimuliwa na mtu.

Vipimo vyenyewe ndivyo vilivyokosekana, na hapo ndugu yako anaweza kuanza kazi leo jioni. Amlaze papa kama anavumilia, atafute mapigo kwa vidole vyake: juu ya unyayo, na nyuma ya kifupa cha ndani cha kifundo. Kisha nyuma ya goti, kisha kinenani. Alinganishe kulia na kushoto. Ainue miguu yote miwili kidogo kwa dakika moja na kutazama nyayo; kwenye ngozi yetu nyeusi ni unyayo unaosema ukweli. Usio na damu unapauka, na ukishushwa unageuka mwekundu kupita kiasi. Haya hayahitaji franka hata moja.

Hospitalini ombeni presha ya kifundo. Wanafunga kifaa kile kile cha kupimia presha ya mkono, safari hii juu kidogo ya kifundo cha mguu, na kusikiliza damu kwa kifaa kidogo cha Dopla, kinachotumia mawimbi ya sauti. Namba ya kifundo inagawanywa kwa namba ya mkono. Kwa mtu mzima wa afya ni 1 au zaidi kidogo. Ikiwa 0.9 au chini, ateri zina ugonjwa. Ikishuka chini ya 0.4, hali ni mbaya. Kwa mfano mkono ukisoma 150 na kifundo 60, jibu ni 0.4. Tahadhari moja, na ndugu yako aiandike kwenye daftari: mwenye sukari ateri zake huwa ngumu kama zimetiwa saruji, kifaa hakiwezi kuzibana, na namba inatoka kubwa kwa uongo. Ikizidi 1.4 msifurahi. Wapime presha ya kidole gumba cha mguu, au waangalie damu inavyopita kwa ekografia ya Dopla. Bukavu ina hospitali kubwa zenye upasuaji na ekografia, kama Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa na Panzi. Anayetuma mgonjwa aandike wazi kwenye karatasi kwamba anaomba ateri za mguu, kinena hadi kifundo. Akiandika tu "kidonda cha sukari" mtarudishiwa antibiotiki zile zile. Wapime pia sukari, mafuta ya damu na figo. Figo ni muhimu kabla ya picha yoyote ya skana inayotumia dawa ya kuonyesha mishipa, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuziumiza.

Daktari muulizeni bila aibu kama papa anafaa kuanza aspirini na dawa ya kushusha mafuta ya damu, zile za jamii ya statini. Ni vidonge vya kila siku ambavyo mgonjwa wa ateri hupewa karibu popote duniani, kwa kuwa ateri zilizoziba mguuni mara nyingi zinaziba pia za moyo na za shingo. Papa akiponyoka na mguu wake, bado moyo wake unahitaji ulinzi huo.

Vidole vyeusi vikavu vinaweza kungoja siku chache za vipimo. Lakini vikianza kulowa na kunuka, ngozi ikawa ya moto na yenye kung'aa kuelekea kifundoni, homa ikaja, au papa akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, hapo ni usiku ule ule, hata kwa pikipiki, hata kwa kubebwa. Uozo wa maji huua mtu. Na mguu wowote, wa papa au wa jirani, ukiwa baridi ghafla, umepauka, una ganzi na hausogei, jueni kwamba pengine bonge la damu limeziba ateri na msuli una kama saa sita tu kabla ya kuanza kufa. Tangu 1963, alipoueleza daktari wa Marekani Thomas Fogarty, kuna mrija mwembamba wenye puto dogo nchani: unapitishwa ndani ya ateri hadi ng'ambo ya bonge, puto linajazwa, linavutwa, bonge linatoka nalo. Daktari wa upasuaji wa jumla aliyefundishwa anaweza kuifanya kazi hiyo.

Umeuliza daktari wa mishipa ni nani. Ni daktari wa upasuaji anayetibu ateri na vena (mishipa inayoirudisha damu moyoni) za mwili mzima, isipokuwa zile za moyo wenyewe na zilizo ndani ya fuvu. Ateri ya shingo inayosinyaa na kutishia kiharusi ni yake. Ateri kuu ya tumboni inayotanuka hadi sentimita 5.5 na kutishia kupasuka ni yake pia. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo huunganishiwa ateri na vena mkononi na daktari huyu. Vena za mama zilizotokeza, damu iliyoganda ndani ya mguu wa mwanamke aliyetoka kujifungua, ateri iliyokatwa na risasi au panga, vyote vinaangukia kwake. Tena sehemu kubwa ya kazi yake haina kisu: anapima, anaandika dawa, anamwachisha mtu sigara. Yule ambaye bado yuko hatua ya kusimama njiani humpa kazi ya kutembea mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu hivi, kila mara atembee mpaka mguu uume, apumzike, aendelee, na wengi hupata nafuu kubwa. Papa amepita hatua hiyo.

Kwa mguu kama wa papa kuna njia mbili kubwa. Moja ni kuchukua vena ndefu ya mguu wake mwenyewe na kuishona iwe njia mpya, kutoka juu ya palipoziba hadi chini yake. Nyingine ni kupitisha waya na mrija kutoka kinenani, kuupanua mshipa kwa puto, na wakati mwingine kuacha ndani kijibomba cha wavu wa chuma. Njia hii ya pili ilianza kwa mgonjwa anayefanana sana na papa yako. Januari 1964, mjini Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 mwenye vidole vilivyooza alikataa kabisa kukatwa mguu. Charles Dotter, ambaye alikuwa daktari wa picha za mionzi, akaupanua mshipa wake wa paja kwa mirija aliyokuwa akiizidisha unene. Puto hata lilikuwa bado halijatumika kwa kazi hiyo. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona, na bibi yule akatembea kwa miguu yake zaidi ya miaka miwili, hadi alipofariki.

Sikuambii kwamba papa atakuwa kama yeye. Kuna miguu ambayo ateri zake zimeziba mpaka chini kabisa, hakuna pa kushonea. Kuna ambayo uozo umeshatangulia. Huko kukata kunaokoa maisha, na daktari wa mishipa mwenyewe ndiye anayekata, kwa kuwa anajua damu inaishia wapi na jeraha litapona wapi. Daktari yule kijana hakusema uongo. Ninachokikataa ni kukata kabla ya kupima. Pengine damu ikirudishwa vitatoka vidole viwili tu. Pengine itabidi kukata chini ya goti, na hata hapo msisitize kujua kama pana damu ya kuponya, maana anayekatwa mahali pasipo na damu hurudishwa kukatwa tena juu zaidi. Goti likibaki, mzee anaweza kutembea na mguu wa bandia; hapo hapo Bukavu kituo cha Heri Kwetu kinahudumia watu wa namna hiyo. Kwa hiyo swali lenu kwa daktari liwe hili: damu inafika wapi, na kuna njia ya kuifikisha chini zaidi? Akijibu kwa kipimo mkononi kwamba hakuna njia, kubalini, tena msicheleweshe.

Sasa ndugu yako. Nimesoma sehemu ile mara mbili, kwa sababu vijana wanaotaka kazi hiyo ni wachache mno kwetu, na ninaomba asivunjwe moyo.

Masomo ni marefu kweli. Marekani, aliyekwisha kuwa daktari huingia mafunzo ya miaka 5 ya mishipa moja kwa moja, au humaliza kwanza miaka 5 ya upasuaji wa jumla kisha 2 ya mishipa. Uingereza iliutenga upasuaji wa mishipa kuwa taaluma inayojitegemea mwaka 2012. Ufaransa, ilipopanga upya mafunzo ya madaktari bingwa mwaka 2017, iliupa diploma yake. Kanda yetu ina COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, makao yake Arusha. Kwake upasuaji wa jumla ni miaka 2 ya msingi na 3 ya juu, na mwanafunzi anasomea ndani ya hospitali huku akitibu. Kwa kijana wa Bukavu naona njia yenye akili ni upasuaji wa jumla kwanza, kisha mishipa nje ya nchi. Na kila hatua ina faida kwa mji kabla hajafika mwisho. Akijua tu kutoa bonge kwa mrija wa Fogarty, kushona ateri iliyokatwa na kukata mguu mahali sahihi, ameshaokoa watu.

Wewe mwenyewe ni fundi wa kushona, kwa hiyo utaelewa kwa nini miaka ni mingi. Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon, mshipa mkubwa karibu na ini ukakatika, akafa kwa sababu hapakuwa na aliyejua kuushona. Kijana wa udaktari wa mji huo, Alexis Carrel, hakulikubali jambo hilo. Alienda kujifunza kwa mwanamke fundi wa kutarizi, akatafuta sindano na nyuzi nyembamba kuliko zote. Mwaka 1902 akatangaza mbinu yake: unaweka mishono mitatu ya kushikilia pembeni mwa mdomo wa mshipa, ukiivuta mduara unakuwa pembetatu, na unashona upande mmoja ulionyooka bila sindano kushika ukuta wa pili. Ukishika ukuta wa pili umeuziba mshipa. Ukiacha nafasi kati ya mishono, unavuja damu. Na unashona huku ateri imebanwa na mguu unahesabu saa. Carrel alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1912. Ndugu yako aje akae karibu na cherehani yako, umfundishe kushika sindano. Sisemi kwa mzaha.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Kivu lazima alijue. Katika vita vya pili vya dunia ateri ya askari wa Marekani ikikatwa ilifungwa tu kwa uzi, na karibu nusu ya miguu na mikono hiyo ilikatwa baadaye. Katika vita vya Korea, baada ya 1950, madaktari walianza kuzishona ateri, na waliokatwa walishuka hadi kama asilimia 13. Risasi ni zile zile. Kilichobadilika ni mafundi waliojua kushona na waliomfikia mtu mapema. Katika mkoa wetu, ambao umeona majeraha mengi hivi, fikiria kijana mmoja mwenye ujuzi huo angebakiza miguu mingapi.

Kuhusu shamba, ninaona mmefungwa na swali ambalo halipo. Mguu una siku chache. Masomo ya bingwa yana miaka, na hayaanzi kesho: kijana bado ana diploma ya kuchukua, kuandikishwa kwenye Baraza la Madaktari, na muda wa kufanya kazi kama daktari wa kawaida, akilipwa, huku akitafuta nafasi na msaada wa masomo. Hahitaji shamba mwaka huu. Papa anatoa mguu wake kwa ajili ya mtoto, ni moyo wa mzazi, lakini mtoto huyo atakuwaje daktari wa ateri akijua kwamba ya baba yake haikupimwa? Aambiwe hivyo na mwanaye mwenyewe, wawili peke yao.

Wala msiuze kwa ajili ya safari kabla ya picha. Fanyeni vipimo vya Bukavu kwanza, kwa pesa mliyonayo, na kama parokia yenu ina mutuelle, mfuko wa kusaidiana matibabu, ulizeni wanachangia nini. Picha zikionyesha kuna njia, daktari wenu ampigie simu mwenzake wa Kigali au Nairobi, amtumie picha, aulize kama yupo daktari wa mishipa kazini wiki hii, kama wana chumba cha kupitishia mirija, gharama yote ni dola ngapi pamoja na kitanda na dawa, na kama mgonjwa wa namna hii atapokelewa bila kupangwa foleni. Majibu yakiwa mazuri na kwa maandishi, uzeni sehemu ya shamba au likodisheni, baba mkubwa akiwa shahidi wa karatasi. Majibu yakiwa ya kubahatisha, msimpandishe mzee basi kwa mwendo wa muda wa saa sita kupitia msitu wa Nyungwe na mguu unaoning'inia.

Wewe usibebe uamuzi huu peke yako kwa sababu tu ndiwe mwenye pesa. Mguu ni wa papa, yeye ndiye wa kusema ndiyo au hapana baada ya kuelezwa. Mama aongoze mkutano. Wewe sema tu kiasi unachoweza kutoa, kisha usiongezewe.

Mama naye asisahauliwe. Mishipa kama yake mara nyingi hutulizwa na bandeji ile anayofungwa asubuhi kabla ya kusimama, miguu kuinuliwa jioni, na kutembeatembea nyuma ya meza ya sambaza badala ya kusimama wima. Ikiwa ngozi ya karibu na kifundo, upande wa ndani, imeanza kuwa kahawia au kuwasha, aonwe kabla haijapasuka. Lakini kabla hajaendelea kuifunga, kijana ashike mapigo ya miguu yake pia.

Ikishapatikana namba ya kifundo cha papa, niandikie upesi, pamoja na maneno yote yaliyoandikwa kwenye karatasi ya ekografia.

Mama Mshauri